Posa ya Hisabati

Kompyuta ya wizara haina haya. Idara ya hisabati ilitaka alama themanini na tano kutoka mtihani wa kumaliza sekondari. Rakan alileta themanini na nne nukta saba, na kompyuta, bila kumuuliza mtu, ikamtupa kwenye historia. Kijijini kwao, kusini mwa mji wa Karak, watu walimpongeza vile vile, maana chuo ni chuo. Wakala mansafu, wali wa nyama na maziwa lala, wakalamba vidole, wakaenda zao. Yeye alikula kidogo, kwa kuwa mawazo yake yalikuwa kwenye zile nukta tatu.

Si kwamba aliichukia historia. Historia ilimpokea vizuri na kumpa alama nzuri, kama mama wa kambo mwenye roho safi. Lakini hisabati aliipenda tangu darasa la tano, na mapenzi hayaulizwi sababu. Mwaka wa pili akagundua kwamba chuo kina mlango wa nyuma: mwanafunzi wa shahada moja anaruhusiwa kuongeza fani nyingine pembeni, fani ndogo, kozi saba tu, na siku ya kuhitimu jina la fani hiyo huandikwa kwenye cheti chini ya la ile kubwa. Siku hiyo Rakan alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Bibi yake, Hajja Wadha, alitaka aelezwe taratibu.

"Kwa hiyo historia ndiye mke mkubwa," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na hiyo hisabati ni mke mdogo."

"Tuseme hivyo."

"Basi mkubwa atapika na kufua, na mdogo ndiye atakayependwa. Babu yako alikuwa na wake wawili, nayajua hayo."

"Wewe ulikuwa yupi, Bibi?"

"Niondokee hapa."

Mlango wa nyuma nao ulikuwa na bawabu. Ili ukubaliwe kwenye fani ndogo sharti ufaulu kozi moja ya kuthibitisha madai ya hisabati kwa alama sitini, halafu mkuu wa idara aweke sahihi. Rakan alipata hamsini na nane. Na kosa lilikuwa lake, wala tusimtetee. Miaka miwili ya historia ilikuwa imemfundisha kwamba ukiulizwa jambo unasema nani kalisimulia, na yeye kalisikia kwa nani. Swali la nne lilimtaka athibitishe kwamba namba tasa hazina mwisho. Akaandika kurasa mbili zenye mwandiko mzuri: Wagiriki walilisema, wanazuoni wa Baghdad walilikubali, na mwalimu mwenyewe alilirudia Jumanne mbele ya mashahidi arobaini. Chini yake kulikuwa na wino mwekundu: "Nani kasema, sikuuliza. Kwa nini?" Na maneno "ni dhahiri", aliyoyatumia mara kumi na moja, yalizungushiwa duara yote kumi na moja.

Mwenye wino huo alikuwa Daktari Samiha, mkuu wa idara, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu ambaye hakuolewa. Aliishi Karak mjini na baba yake mzee, Abu Munif. Wanafunzi walimwogopa. Rakan alimfuata ofisini akiwa ameshika karatasi yake mkononi kama mtu aliyeleta mtoto mgonjwa.

"Ni alama mbili tu, Daktari."

"Mwanzo ulikosa kwa nukta tatu, sasa umekosa kwa alama mbili. Unakwenda mbele au unarudi nyuma?"

"Nitairudia kozi."

"Haifundishwi tena mpaka mwaka kesho, na kozi saba hazitatosha kwenye muda uliokubakia. Fomu zinafungwa Alhamisi adhuhuri. Historia ni fani nzuri, Rakan. Isome."

Alisema hivyo bila ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alirudi nyumbani akajilaza na kugeukia ukuta. Hajja Wadha alimvumilia mpaka chakula cha pili kilipopoa, kisha akampigia simu mwanawe Abu Mishaal, ami yake Rakan.

Abu Mishaal alikuwa sajini mstaafu, na katika maisha yake hakuwahi kuona jambo lisiloweza kumalizwa na jaha, yaani ujumbe wa wazee. Watu wakigongana magari, wazee hujipanga, huvaa majoho, huenda nyumbani kwa mwenye haki, huwekewa kahawa, nao hawainywi mpaka waahidiwe walichokuja kuombea. Binti akiposwa, ni vivyo hivyo. Abu Mishaal alishapeleka jaha hata kwa daktari wa mifugo, kumwomba asihame wilaya, na yule maskini hakuhama.

"Huyo anayekukatalia ni wa nyumba ya nani?" aliuliza. Mkono wake wa kulia ulikuwa na bandeji mpaka kwenye kiwiko, kwani boneti ya pikapu yake ilikuwa imemwangukia juzi yake.

"Ami, chuo si ukoo. Kuna sheria."

"Nimekuuliza nyumba, sikukuuliza sheria."

"Binti wa Abu Munif, karibu na ngome."

"Abu Munif! Baba yake na babu yako walikunywa kisima kimoja. Basi limekwisha. Oga."

"Ami, nakuomba. Nitakuwa kichekesho."

"Kwani sasa hivi wewe ni nini?"

Abu Mishaal akachukua simu kwa mkono wa kushoto, akampigia Abu Munif, na baada ya salamu ndefu akamwambia: "Tunakuja kesho Jumatano baada ya alasiri, wazee saba, kwa jambo la heri linalomhusu Daktari." Alidhani amejieleza vya kutosha.

Yaliyotokea upande wa pili Rakan aliyajua baadaye. Mzee Abu Munif aliweka simu chini. Mwanawe wa kiume wa pekee, Munif, alikuwa Kanada na wajukuu waliosahau Kiarabu. Mkewe alikuwa kaburini. Miaka kumi na minane ilikuwa imepita tangu jaha ya mwisho ya posa kuingia nyumba ile, na hiyo binti aliikataa. Mzee akatoa mazulia nje, akayapiga mwenyewe. Akachoma kahawa, akaitwanga, akatia iliki nyingi kuliko kawaida. Samiha aliporudi jioni akaukuta uwanja unang'aa, alisema, "Baba, mimi sikusema ninaolewa." Mzee akajibu, "Na mimi sikusema kitu. Wageni wanakuja."

Jumatano wakafika. Mbele alikuwa Sheikh Dhaifallah, msemaji wa ukoo, mtu mwenye sauti ya mimbari. Nyuma yake Abu Turki, aliyekuwa hasemeshani na Abu Mishaal tangu kondoo dume wa huyu alipoharibu bustani ya yule, lakini kwenye jaha ugomvi huachwa nyumbani, au hufichwa chini ya joho. Kisha wazee wanne wengine, Abu Mishaal na bandeji yake, na wa mwisho Rakan, aliyevalishwa suti ya harusi ya binamu yake na kunyunyiziwa na bibi yake marashi ya kutosha msiba mzima. Mikononi alibeba boksi la kunafa, vitamu vya jibini na shira. Mtu yeyote mwenye macho angesema huyu ni bwana harusi, na Abu Munif alikuwa na macho.

Mzee aliwamiminia kahawa mwenyewe, kikombe baada ya kikombe. Sheikh Dhaifallah akakipokea cha kwake, akakiweka mezani bila kukigusa, na wenzake nao wakaviweka.

Sasa, Sheikh alikuwa na hotuba moja tu maishani. Ilikuwa nzuri, imefanya kazi kwenye ndoa thelathini na ajali zisizo na idadi, na hakuona haja ya kuibadilisha. Akamshukuru Mungu. Akaisifu nyumba na nasaba ya Abu Munif. Akamsifu Rakan: kijana msafi, anaswali, havuti sigara, mpenzi wa elimu. "Na kijana wetu huyu," aliendelea, "moyo wake umetua kwenye jambo ambalo ufunguo wake uko ndani ya nyumba hii. Amebisha hodi peke yake, hakufunguliwa. Ndipo sisi wazee wake tukasema..."

Hakumaliza. Abu Munif alikuwa amesimama, machozi yanamlengalenga.

"Kunyweni kahawa yenu," alisema. "Mmepewa."

Mwenyeji kutoa kabla ya kuombwa ni ukarimu wa juu kabisa, na Sheikh alijua kuupokea. Akanywa. Wote wakanywa. "Mabruki, mabruki," wakapongezana, na Abu Mishaal akamtupia Rakan jicho la kumwambia unaona sasa. Jirani mmoja, aliyekuwa amesimama nyuma ya dirisha kwa muda wote huo kwa bahati tu, akapiga vigelegele.

Abu Munif akamsogelea Rakan, akamshika mabega, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Mwanangu, una miaka mingapi?"

"Ishirini, babu."

Mzee alipiga hesabu, ikamshinda, akaiacha. "Haidhuru," alisema. "Kikubwa ni maelewano."

Hapo ndipo Rakan alipoelewa. Alitazama sura ya kila mzee mle chumbani, akakumbuka wino mwekundu, akatamani zulia limmeze pamoja na boksi la kunafa.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa, Daktari Samiha akatoka na kalamu nyekundu mkononi, kwa kuwa alikuwa anasahihisha mitihani huko ndani.

"Baba, umetoa nini?" aliuliza.

"Nimekutoa wewe, binti yangu."

Sheikh Dhaifallah alipaliwa na kahawa. "Astaghfirullah," alisema. "Sisi tumekuja kwa ajili ya hisabati."

"Hisabati gani?" aliuliza Abu Munif.

"Baba, huyu ni mwanafunzi wangu," alisema Samiha. "Alipata hamsini na nane, anataka sitini."

Jirani wa dirishani akaona aibu, akaenda zake. Abu Munif alirudi kwenye kiti chake, akaketi polepole, akaviangalia vile vikombe vitupu. Alionekana amezeeka kuliko alipokuwa anamimina. Lakini muungwana akivuliwa nguo huchutama. Alijikohoza, akasema: "Wageni wamekunywa. Neno limetoka kinywani mwangu, na maji yakimwagika hayazoleki. Samiha, mpe."

"Alama za chuo si zako, Baba."

"Najua si zangu. Lakini neno ni langu."

Samiha alimtazama baba yake. Aliliona joho lake lililopigwa pasi na mazulia yaliyotoka vumbi lote. Rakan, aliyekuwa karibu naye, aliona uso wa mwalimu wake unafanya kitu ambacho darasani haukuwahi kukifanya. Ulilainika.

"Neno lako halitaanguka humu ndani," alisema hatimaye. "Sheria inaniruhusu kumpa mtihani wa mdomo mtu aliyepungukiwa alama mbili. Sikuona sababu ya kuitumia. Sasa nitampa swali moja hapa hapa. Hata bwana harusi huulizwa kama ana uwezo. Baba, wamiminie tena, na mtu asinywe mpaka Rakan ajibu."

Wazee wakapokea vikombe, wakaviweka chini. Jaha ndani ya jaha walikuwa hawajaiona, lakini utaratibu waliuelewa.

"Mko tisa humu bila mimi," alisema Samiha. "Leo tangu asubuhi baadhi yenu mmepeana mikono, baadhi hamkupeana. Kila mtu na ajihesabie wenzake wangapi wa humu ndani amewapa mkono. Mimi nadai kwamba lazima wawepo wawili wenye idadi sawa. Rakan, nithibitishie."

"Hilo jepesi," alisema Abu Turki. "Tuape. Mimi, wallahi, nimempa mkono kila mtu aliyemo humu."

"Kiapo hakipokelewi, mzee wangu."

"Hakipokelewi?" Abu Turki aliwageukia wenzake. "Kiapo changu kilimaliza kesi ya kisima."

"Kwenye hisabati hakimalizi kitu."

"Hiyo ni elimu gani isiyomwamini mtu mzima?"

Rakan alikuwa amesimama katikati ya zulia na jasho linatelemka mgongoni. Kichwani mwake walikuja Wagiriki, akawafukuza. Wakaja wanazuoni wa Baghdad, akawaomba radhi. Alijua tu kwamba dai ni la kweli, na kujua hakukumsaidia. Akaona midomo yake inaanza kutamka "ni dhahiri", akaona kalamu nyekundu inanyanyuka, akafunga mdomo.

"Anaongopa huyo," alisema Abu Mishaal kutoka pembeni. Yalikuwa maneno yake ya kwanza juu ya Abu Turki kwa miezi saba. "Eti kila mtu. Mimi leo sijampa mkono mtu yeyote. Nimesalimia kwa kuweka hii kifuani tangu alfajiri." Akainyanyua bandeji, wote wakaitazama.

"Wewe sikukuhesabu," alisema Abu Turki.

Rakan akageuka ghafla. "Lakini swali linamhesabu," alisema. "Ngoja. Ngojeni. Msinywe."

"Nani anakunywa?" alisema Sheikh kwa uchungu, akiitazama kahawa yake inavyopoa.

"Tuko tisa. Mtu anaweza kuwa amempa mkono mtu mmoja, wawili, hadi wanane, au hakumpa yeyote. Ukihesabu na sifuri, idadi zinazowezekana ni tisa, na sisi ni tisa. Kama hakuna wawili wanaolingana, basi kila idadi lazima iwe na mwenyewe. Lazima awepo mwenye sifuri, na lazima awepo mwenye nane." Alimwonyesha ami yake. "Huyu hapa ndiye sifuri, hajampa mtu." Akamwonyesha Abu Turki. "Na huyu anadai ni nane, amewapa wote. Amewapa wote, pamoja na Ami?"

Abu Turki alijiweka sawa kilemba.

"Haiwezekani," alisema Rakan, na sauti yake ilikuwa imepata nguvu. "Wa nane akiwapo humu, wa sifuri hayupo, maana angekuwa amepewa mkono. Wa sifuri akiwapo, wa nane ni mwongo. Samahani, mzee. Hawakai chumba kimoja. Kwa hiyo idadi zilizobaki ni nane tu, na watu tisa. Wawili lazima walingane, hata kama siwajui ni akina nani, hata kama wote wameapa."

Daktari Samiha aliishusha kalamu yake.

"Nani alikwambia?" aliuliza.

"Hakuna aliyeniambia."

"Andika."

Akaandika nyuma ya mfuniko wa boksi la kunafa, amepiga magoti, suti ya binamu ikikunjika. Alipomaliza, Samiha alisoma, akafuta "ni dhahiri" moja tu, akaleta kutoka jikoni fomu ya Rakan iliyokuwa katikati ya mitihani na kuweka sahihi. Halafu akamgeukia baba yake.

"Waambie wanywe, Baba."

"Kunyweni," alisema Abu Munif. "Mmepewa." Wakanywa, ingawa ilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Na kwa kuwa Sheikh Dhaifallah hakuweza kuvumilia uongo kusimama wima sebuleni kwa watu, alimlazimisha Abu Turki amshike Abu Mishaal mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa kwenye bandeji. Walishikana kwa muda mfupi sana, lakini walishikana.

Rakan alikuwa wa mwisho kutoka. Mlangoni Abu Munif alimzuia, akainama karibu na sikio lake.

"Mwanangu, una kaka mkubwa?"

"Sina, babu. Mimi ndiye wa kwanza."

"Haya. Nimeuliza tu."

Alihitimu baada ya miaka miwili. Cheti kinasema historia kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ambazo Hajja Wadha anahitaji miwani kuziona, kinasema hisabati. Abu Mishaal alitundika bango kutoka nguzo hadi nguzo kumpongeza Mwanahisabati Rakan, na historia hakuitaja hata kidogo. Ajira anayo ya historia, shule ya sekondari ya wavulana. Hisabati anaifundisha pale mwalimu wa somo hilo anapoumwa, na mwalimu huyo, Mungu amponye, huumwa mara kwa mara. "Si nilikwambia?" husema bibi yake akimwona anavyotoka asubuhi za siku hizo. "Leo ni zamu ya mdogo."

Kila sikukuu ya Idi wale wazee hupanda pikapu na kwenda kwa Abu Munif, na Rakan yumo. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Mwaka wa kwanza Sheikh Dhaifallah alipewa kahawa yake na, bila kumshauri mtu, akaiweka mezani. Wengine wakashtuka, kisha wakaviweka vyao. Abu Munif akaruka kutoka kitini, mkono umeshanyanyuka na "kunyweni" iko mdomoni. Akajizuia. Akatazama mlango wa jikoni, akaketi.

"Mnaomba nini kwanza?" aliuliza. "Kuuliza si ujinga."

"Kijiti cha mzabibu wako, cha kupanda."

"Kwa nini wangu?"

Ikabidi Sheikh aeleze kwa nini. Mzee akapinga, akadai sababu nyingine, na kutoka jikoni sauti ya Samiha ikasema hiyo ya kwanza haitoshi. Tangu hapo kila mwaka huomba kitu: mbegu ya bamia, birika la zamani, kamba. Mzee huwaweka nusu saa, kahawa inapoa, naye huonekana kijana. Rakan humtazama na moyo humuuma, kwa sababu yeye alipewa alichokitaka siku ile na mzee hakupewa, na hesabu hiyo hajui namna ya kuisawazisha. Mwishowe Abu Munif hunyanyuka, akaweka mkono kifuani, akasema, "Kunyweni, mmepewa," kwa sauti ile ile ya siku ile. Rakan huinywa ya kwake mpaka machicha.